Ndege wa Kisii si wa Jiwe Peke Yake

Ukitoka Ngome ya Yesu ukaingia katika vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa, hutapita maduka matatu ya vinyago ila utakuta rafu ya mawe laini. Mna samaki, mna viboko, mna visahani vya sabuni, na mna ndege wa miguu mirefu waliopindwa shingo kwa ufundi wa ajabu. Mgeni hununua ndege wawili, wakafungwa katika gazeti kuukuu, akaenda nao kwao Ulaya akisema ni kumbukumbu ya Pwani. Wala si ya Pwani. Jiwe lile limechimbwa Tabaka, katika Kisii, likachongwa huko huko, likapigwa msasa na kina mama, kisha likapakiwa ndani ya basi la usiku likaja kuuzwa kwetu.

Nasi watu wa Pwani Kisii twaijua kwa hilo jiwe, na kwa ndizi, na kwa jirani mmoja au wawili tuliokaa nao Majengo au Changamwe. Ukimuuliza mtu wetu habari za wanyama na ndege atakutajia Tsavo kwa kuwa i karibu, na Maasai Mara kwa kuwa ina sifa. Kisii? Atacheka. Kule kuna watu, atakwambia, ndege wakae wapi?

Makala haya nayaandika kwa ajili ya swali hilo. Nimekwenda nikaona wanakokaa, na nimeona pia namna sisi wageni tunavyosaidia kuwaondoa, tena tukiwa tumejaa mapenzi.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu, Mgusii wa Nyamira, aliyesomesha Mombasa miaka ishirini na kitu. Nyumba yake na yetu zilikuwa ukuta mmoja. Yeye Msabato, mimi Mwislamu, na miaka yote hiyo hatukugombana ila juu ya vina. Alikuwa akiyasoma mashairi yangu kabla sijayapeleka gazetini, na akiona kina cha kati kimelegea hugonga ukuta. Alipostaafu akarudi kwao, ikawa kila mwaka aniita. "Maalim, njoo uone korongo kabla hawajakwisha," ndivyo alivyoniambia mara ya mwisho. Nilidhani ni mzaha wa wazee wenzangu.

Ikasadifu kwamba mpwa wangu na wenzake watatu wanajiandaa kwenda Maasai Mara kupiga picha. Siku hizi hii ndiyo starehe ya vijana wenye kazi zao: wachanga pesa za petroli, waingie katika gari moja, wakimbie mjini siku nne tano. Mengi wameyajifunza kwa kutazama katika simu zao filamu za vijana wa Kihindi waendao safari kama hizo, watokao Delhi alfajiri wakenda hata Rajasthan kumtafuta ndege mmoja. Kamera ya mpwa wangu ina lenzi ndefu kama mzinga wa Mreno, na nilipotajiwa bei yake nilileta istighfari. "Mjomba," akaniambia, "tutakufikisha mpaka kwa mwalimu wako, tulale siku mbili, kisha sisi turudi Mara."

Tukalala Nairobi. Alfajiri ya Ijumaa tukauteremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka Maai Mahiu, tukashika njia ya Narok. Habari za njia ile sitakuchosha nazo. Ngano, kisha ng'ombe, kisha Bomet na chai. Baada ya Sotik nchi ikabadilika kama aliyefungua mlango. Vilima vikakaribiana, udongo ukawa mwekundu, na hapakuwa tena na mahali pasipo nyumba, au mgomba, au chai, au mtu. Huko nyuma, Narok, vijana walikuwa wamesimamisha gari mara saba kwa ajili ya mwewe na tai. Tangu kuingia Keroka hawakusimama hata mara moja. Wawili walilala.

Nakuomba, ndugu msomaji, uitazame ramani. Mashariki na kusini ya Kisii iko Maasai Mara, ambayo dunia nzima inaijua. Magharibi, katika bonde la Lambwe, iko mbuga ya Ruma, iliyofanywa ya taifa mwaka 1983, ambako wamebaki korongo wa mwisho wa Kenya. Nasema korongo mnyama, yule wa pembe za kupinda nyuma, kwani lugha yetu imelipa neno hili kazi tatu: korongo ni mnyama, korongo ni ndege, na korongo ni ufa unaochimbwa na maji ya mvua katika ardhi iliyovuliwa majani. Kati ya mbuga hizo mbili ndipo zilipo Kisii na Nyamira, nazo hazina hata mbuga moja ya taifa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, juu ya ardhi ambayo mtu wa Tana River angeiona ni uwanja wa nyumba. Koo za Wagusii zina wanyama wao wa heshima, chui, kiboko, punda milia na wengineo. Majina yamebaki katika koo. Wanyama wenyewe vilima vimewashinda, na kiboko utakayemwona kwa urahisi ni yule wa Tabaka.

Kwa hiyo msafiri hutoka mbuga moja akenda ya pili, na baina yake hulala usingizi garini.

Tukawahi sala ya Ijumaa katika mji wa Kisii, ambao wazee wa huko huuita Getembe na wengine Bosongo. Wapo Waislamu pale, miongoni mwao Wanubi waliokuwapo mjini tangu zamani za Mwingereza, na tulikaribishwa kama ndugu. Alasiri tukarudi nyuma na kupanda Nyamira, na magharibi ikatukuta kwa mwalimu, chai mkononi, ukungu ukishuka.

Asubuhi ya Jumamosi niliposali alfajiri nilikaa kibarazani nikimsubiri jua. Wa kwanza kuamka alikuwa kwarara, na huyo hana haja ya kutambulishwa, kwani jina lake ni sauti yake. Kisha katika migomba nyuma ya jiko nikasikia kama watu wanaozozana kwa kukoroma. Nikatazama. Walikuwa kulukulu wawili, lakini si wale wa kijani tunaowaona katika misitu yetu ya Pwani. Hawa ni rangi ya zambarau iliyoiva, uso wa manjano, na kishungi chekundu. Mmoja aliporuka kutoka mgomba hadi mparachichi alifungua mbawa, na ndani mbawa zilikuwa nyekundu kama bendera ya Sayyid. Wataalamu wanasema rangi ile nyekundu ina shaba ndani yake, shaba hii hii ya mabirika. Mke wa mwalimu alikuwa akifagia chini yao wala hakuinua kichwa. Kwake ni kama kuku.

Nikawaamsha vijana. Kwa ndege wale wawili peke yao walipiga picha mia tatu, nao walikuwa ndio hao hao waliolala kutoka Keroka.

KINAMASI

Shamba la mwalimu linateremka mpaka bondeni, si mbali na Sironga, na mwisho wake ni kipande cha kinamasi. Alichogawiwa na baba yake ni chai juu, mahindi na migomba katikati, na maji chini. Zamani, aliniambia, bonde lote lilikuwa matete na nyasi ndefu, na mtu hakulijali kwa kuwa ardhi kavu ilitosha. Ardhi kavu haikutosha tena. Baba aligawia wana wanne, kila mwana akagawia wake, na leo kila mtu anatazama chini. Wengine wamechimba mifereji wakapanda mboga. Wengine wamepanda mikaratusi, mti unaokua upesi na kuuzika upesi, kwa kuni za viwanda vya chai na kwa nguzo, na unaokunywa maji kama ngamia. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya maji nchi nzima, na mwaka huo huo zikatolewa kanuni za kulinda vinamasi na kingo za mito. Nimeiona mikaratusi katika bonde lile kwa macho yangu, na kwa unene wake haikupandwa jana.

Lakini linalomaliza kinamasi upesi kuliko yote ni tofali. Udongo wa mle chini ni mfinyanzi mzuri. Hukatwa, hukanyagwa, hutiwa katika kalibu, huanikwa, kisha hupangwa tanuru na kuchomwa. Nyumba zote nzuri unazoziona Kisii na Nyamira zimetoka shimo fulani bondeni.

Jumamosi ni siku ya Sabato, na watu wa huko Wasabato ni wengi. Matanuru hayakuwa na moshi, kalibu zimefunikwa, nyimbo zinasikika kutoka kanisani juu ya kilima. Mwalimu na watu wake walikuwa huko. Nasi tukateremka wenyewe, na ndipo tulipowaona.

Walikuwa korongo taji wawili na vifaranga viwili. Kimo chake korongo huyu ni kama mtoto wa miaka mitatu minne. Mwili wa kijivu, mbawa nyeupe kwa nyekundu ya udongo, shavu jeupe, na juu ya kichwa taji la nyuzi za dhahabu zilizosimama kama mwanga wa taa. Mume na mke ni sura moja, na wakishaoana aghalabu hawaachani. Katika korongo wote wa dunia ni hawa wa taji tu, huyu na ndugu yake wa nchi za magharibi ya Afrika, wanaoweza kutua juu ya mti na kulala. Waganda wamemweka katika bendera yao. Kiota chake hukijenga ndani ya kinamasi, katika maji na majani, si mahali pengine. Kinamasi kikikauka huweza kula katika shamba la mtu, lakini hazai. Tangu mwaka 2012 ameandikwa katika daftari la dunia la viumbe walio hatarini kutoweka.

Tulikuwa mbali kiasi cha uwanja wa mpira. Walikuwa wakitembea taratibu, kama watu waliovaa nguo za Idi, wakidonoa huku na huku, na vifaranga nyuma yao katika nyasi. Nadhani siku za kazi hawajitokezi hivyo. Niliketi juu ya kichuguu nikawa natazama, na sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa namna ile bila ya kufikiri makala.

Vijana hawakuketi. Mmoja akatoa simu, akafungua sauti ya korongo iliyorekodiwa, akaiinua juu. Yule ndege mkubwa aliposikia mgeni katika himaya yake akageuka, akanyoosha shingo, akaanza kuita na kuja mbio upande wetu akipiga mbawa. Kamera zikalia kama mvua ya mawe. Kisha mpwa wangu akasema picha ya ndege aliyesimama kila mtu anayo, inatakiwa ya ndege arukaye. Wenzake wawili wakazunguka upande wa pili wa bonde, wakawaendea wakipiga makofi. Wakubwa wakaruka. Ni kweli, ilikuwa picha ya ajabu, dhahabu na nyeupe na kijani cha chai nyuma yake. Vifaranga havikuweza kuruka. Kimoja kikakimbilia matete. Cha pili kikakimbilia upande wa mashimo ya matofali, na huko mlikuwa na mbwa wawili wa kijijini.

Sikuona lililotokea. Korongo walirudi baada ya muda mrefu wakawa wanaita. Adhuhuri tulipoondoka niliwahesabu: wakubwa wawili, kifaranga kimoja.

Ningaliweza kuwakataza. Mimi ndiye mkubwa wao, na neno langu wangalilisikia. Sikusema kwa sababu nami nilikuwa nikiitazama picha.

Chuoni tulisomeshwa, na nadhani msomaji wangu alisomeshwa vile vile, habari ya masahaba waliokuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie. Wakamwona ndege mdogo mwekundu mwenye makinda mawili, wakayachukua yale makinda. Mama akaja akitandaza mbawa juu yao. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemtia uchungu huyu kwa wanawe, akaamuru warudishiwe. Maalim wetu alitusimulia haya huku fimbo iko mkononi, nasi tukakariri. Hakuna aliyetuambia kwamba kumtia uchungu huweza kuwa kwa simu. Mas'ala ya picha za viumbe wenye roho nayaacha kwa mashekhe, wameyasema mengi. Mimi nasema juu ya yule mama.

NENO LA KIJANA WA TOFALI

Usiku ule nilimweleza mwalimu. Hakunilaumu, na afadhali angalinilaumu. Asubuhi ya Jumapili tukateremka pamoja, na bondeni tukamkuta mwanawe wa pili, miguu mpaka magotini ni udongo, kalibu mkononi. Anao watoto watatu wa shule. Baba yake akamwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie, kwamba wageni wamekuja kutoka Mombasa kwa ajili ya korongo tu. Kijana akatabasamu kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Hao ndege wakilipa karo, mimi nitawapigia saluti kila asubuhi."

Sikuwa na jawabu. Nimeandika gazetini miaka thelathini juu ya haki na dhuluma, lakini pale sikuwa nalo. Mpwa wangu ana picha ambayo huenda ikapata tuzo. Ameondoka na korongo, na mwenye kinamasi amebaki na mbu.

Jioni ile, kabla vijana hawajaondoka, walitaka kunipoza kwa kunionyesha filamu ya Bharatpur, huko Rajasthan, maji yamejaa bata na korongo na watu wamejipanga na kamera. "Tazama, mjomba, Wahindi wanavyopenda ndege." Ndege wa India tunayemjua sisi Pwani ni mmoja, kunguru yule wa shingo ya kijivu aliyeletwa Unguja miaka ya 1890 na sasa anatula jikoni. Lakini habari za Bharatpur nilikuwa nimezisoma zamani, na nikawasimulia ambayo filamu haikuyasema.

Elimu ya ndege ya Wahindi wa leo mshika bendera wake alikuwa Mwislamu wa Bombay, Salim Ali, aliyezaliwa mwaka 1896. Alipokuwa mtoto mjomba wake alimpa bunduki ya upepo, akapiga shomoro, na alipomwokota akaona ana alama ya manjano kooni. Akaingiwa na shaka: je, huyu ni halali kuliwa kama shomoro wengine? Mjomba naye hakumjua ndege yule, akampeleka kijana katika jumba la chama cha elimu ya viumbe cha Bombay. Mzungu wa pale akamfungulia makabati ya ndege waliohifadhiwa, na kijana hakutoka tena katika elimu hiyo mpaka alipofariki mwaka 1987. Kitabu chake cha ndege wa India kilitoka mwaka 1941. Hebu fikiri: swali la halali na haramu, ambalo kila mtoto wetu huuliza, lilizaa elimu ya nchi nzima, kwa sababu mjomba hakumwambia mtoto anyamaze.

Na Bharatpur yenyewe ilikuwa uwanja wa mauaji. Wafalme waliyafunga maji yale ili wawinde bata, na mwaka 1938 Mwingereza aliyekuwa mtawala wa India, Lord Linlithgow, na wageni wenzake waliua ndege 4,273 kwa siku moja. Salim Ali alipigania mahali pale pahifadhiwe, pakahifadhiwa. Lakini mwaka 1982, palipokuwa pamefanywa mbuga ya taifa, wanavijiji wakakatazwa kuingiza nyati wao wa maziwa waliolisha mle miaka na miaka. Wakagoma, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Kisha chama kile kile cha Bombay kikafanya utafiti wa miaka mingi, na wakaona kwamba nyati walipotoka nyasi zilisonga maji, na ndege wengi wakakosa pa kulia. Nyati walikuwa sehemu ya bonde, na wenye nyati pia.

Nalitaja hili kwa sababu najua jambo la kwanza litakalosemwa na watu wa ofisini Nairobi wakisikia korongo wanakwisha Nyamira: lete ukuta, lete askari. Waliosema hivyo Rajasthan walikuwa wataalamu kuliko sisi.

Jambo lililofaa Bharatpur lilikuwa dogo zaidi. Waendesha riksha wa pale, watu maskini wa baiskeli ya magurudumu matatu, waliruhusiwa kuwabeba wageni ndani ya mbuga. Wakawa wanasikia wageni wakitaja majina, wakafunzwa, na wengi wao wakawa wajuzi wa ndege kushinda waliowabeba. Mgeni hulipa riksha kwa saa, na mwenye riksha hula kwa kumjua ndege. Tena India hiyo hiyo, huko Uttar Pradesh, korongo mkubwa aitwaye sarus, mrefu kuliko ndege wote warukao, hutaga katikati ya mashamba ya mpunga ya wakulima, nje ya kila mbuga, na wengi wao humstahi kwa kuwa ni mfano wa ndoa iliyotulia.

Basi mimi nauliza: bodaboda wa Keroka na Nyamira amepungukiwa na nini? Anazijua njia zote za bondeni, anajua ni kwa nani korongo wamezaa mwaka huu, na anashinda kivulini akingoja abiria. Rai yangu ni kwamba mpiga picha aingiapo katika bonde la watu alipe, kama tunavyolipa kuegesha gari pale Makadara. Alipe mwenye kinamasi, na alipe kijana wa kumwongoza, na huyo kijana awe na mamlaka ya kusema: mwisho ni hapa, usisogee, zima hiyo simu. Aliyetoa mamia ya maelfu kununua lenzi ya kuona mbali anatakiwa akae mbali. Ndiyo kazi ya lenzi. Na mahali pa kiota pasitangazwe mitandaoni, kwani vifaranga vya korongo taji huibwa wakauzwa kwa wafuga ndege, na mwizi naye anasoma.

Najua nitaambiwa fedha hiyo ni kidogo mbele ya tofali. Ni kidogo. Sitamdanganya yule kijana kwamba wageni kumi kwa mwezi watamlipia watoto watatu. Lakini tofali nalo lina hesabu yake: udongo ukishachimbwa hauoti tena, shimo hubaki, na mvua za Nyamira hazikosi kazi ya kufanya penye shimo. Lile korongo la tatu ndipo linapozaliwa. Kama kaunti zile mbili zinaweza kununua meza na makochi ya maofisi, zinaweza kumlipa mkulima kidogo kwa kila msimu anaoacha maji yake yakae, kwa kuwa maji yale ndiyo wanayoyanywa watu wa chini. Nasema hivi bila ya kuwa mchumi.

Wapo wenzetu wataosema kutazama ndege ni mambo ya Wazungu wasio na kazi. Chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki kweli waliunda wao, mwaka 1909. Lakini matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, yaanziayo katika jumba la makumbusho Nairobi, aliyoyaanzisha Bibi Fleur Ng'weno mwaka 1971, yamewatoa vijana wengi wa Kenya, weusi kama mimi, ambao leo ndio wanaowafundisha Wazungu. Na sisi? Twajua kwa moyo habari ya Nabii Suleiman na hudihudi aliyemletea khabari za Sabaa. Nimewauliza wanafunzi wa vyuo vitatu hapa Mombasa hudihudi ni ndege wa namna gani. Mmoja alisema kama tausi. Wa pili alisema hayupo tena duniani. Hudihudi yupo, hudonoa wadudu katika viwanja vyetu, ana kishungi kama kipepeo cha ukili, na yule mtoto huenda alimpita asubuhi akija chuoni.

Vijana walikwenda zao Mara. Kabla ya kuondoka mpwa wangu alimwendea yule kijana wa matofali, akazungumza naye pembeni, akampa kitu mkononi. Sikuuliza ni kiasi gani. Ile picha ya korongo warukao hajaitoa popote. Anasema bado anaifikiri.

Juma lililopita mwalimu alinipigia simu. Mvua zimeshika, aliniambia, na matofali hayakauki, kwa hiyo mwanawe amepumzika mpaka kiangazi. Korongo wako bondeni. Nikamuuliza wangapi. Akasema majani ni marefu sasa, haonekani vyema wa chini, ila wakubwa wawili anawaona kila asubuhi akichuma chai, na juzi walicheza.

"Walicheza vipi?" nikamuuliza.

"Njoo uone," akasema. "Na uje kwa basi."